Hotipoti ya Marehemu Shujaa

Wenzetu wa nchi nyingine huanza hadithi kwa kuita, na wasikilizaji wakaitikia. Kwetu kuitikia kwa pamoja ni mkusanyiko, na mkusanyiko unataka kibali, kwa hiyo mimi nitasimulia tu, nanyi mtakaa kimya kama raia wema. Jina la nchi yetu silitaji. Si kwa woga, maana mimi ni mtu mkubwa, mtaona wenyewe. Ila lilibadilishwa juzi tu na jipya bado halijanikaa mdomoni.

Vita vyetu vilianza kwa salamu. Mheshimiwa Mlezi wa Taifa alizuru mpaka, akasimama ukingoni mwa mto, akauona mlima ulioko ng'ambo. Kama ilivyo kawaida yake akikutana na kitu kirefu kumzidi, akaupigia ukelele jina lake na vyeo vyake vyote: Mlezi, Mkombozi, Daktari, Jemadari na Mwenyekiti wa Maisha. Mlima ukarudisha jina. Vyeo haukurudisha. Mlezi akarudia polepole, kama anayemfundisha mtoto, mlima ukarudisha nusu ya jina. Ikaundwa tume palepale ukingoni. Tume ikagundua kwamba mlima ule ni mali ya Wang'ambo, na kwamba mlima peke yake hauna kiburi, lazima umefunzwa. Jioni redio ikatutangazia kuwa tumetukanwa na tumo vitani.

"Vita vya haki hivi," nikamwambia mke wangu.

Mama Sudi alikuwa anachambua mchele. "Wataenda watoto wa nani?" akauliza.

Nikamwambia aache mawazo finyu. Wiki ileile akachukuliwa wa kwetu.

Mimi naitwa Mwinjuma Kibwana, fundi cherehani, na Sudi ndiye mwanangu wa pekee. Nilijaribu kumfundisha kazi yangu akanishinda. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, kila alichokifunga kilifungwa kinyume. Nilimgombeza utoto wake wote: "Fundo gani hilo, mwanangu? Hata mbuzi atakucheka." Yeye hucheka kabla ya mbuzi. Siku alipopanda lori la jeshi alikuwa amefunga kamba za viatu kwa mafundo yaleyale, nami badala ya kumuaga nikamwambia ayafunge upya. Basi, ndivyo tulivyoagana.

*

Nchi nyingine, nasikia, hulisha majeshi yao. Ni ushamba. Kwetu alikuja Ndugu Matimbwa, Mkurugenzi wa Uzalendo wa Kata, akatukusanya wazazi uwanjani na kutueleza busara ya Wizara.

"Wazazi watukufu," akasema, "serikali yenu ni sikivu. Imetafakari, imechunguza, na imebaini kwamba baina ya mama na tumbo la mwanawe hapana nafasi ya mtu wa tatu. Sisi ni nani hata tuliingilie tumbo hilo kwa maharage ya serikali? Tumekataa. Tumesema hapana, heshima hiyo ni ya mama. Kila Ijumaa lori litapita kuchukua chakula cha askari wenu, na kila Jumanne litawarudishia vyombo. Viatu vivyo hivyo. Blanketi vivyo hivyo. Risasi tutawapa sisi, kwa sababu kina mama hawana uzoefu nazo."

Mimi nilipiga makofi. Nilipiga vizuri mno, maana Ndugu Matimbwa alininyooshea kidole, akauliza jina langu, na kabla jua halijatua nilikuwa Mzazi Shujaa wa Daraja la Kwanza. Cheo hicho kilikuwa na mshipi wa kijani wa kuvaa begani, ambao niliushona mwenyewe pamoja na ya wenzangu wote, bure, kwa uzalendo. Pia kilikuwa na kiti.

Kuhusu kiti lazima niseme kidogo. Maisha yangu yote, harusini na msibani, mimi nilikuwa wa kukaa mkekani kule nyuma karibu na masufuria, pamoja na watoto na watu waliokuja bila kualikwa. Sasa nilikuwa na kiti changu cha plastiki cheupe, chenye mikono, safu ya mbele, na mgongoni kimeandikwa cheo changu kwa rangi nyekundu. Mkutano ukiisha nilikibeba nyumbani, wasije wakakiiba. Chumbani nilikiweka upande wangu wa kitanda. Mama Sudi alikuwa akijigonga nacho kila alfajiri, nami kila alfajiri nikamwambia apite mbali.

*

Kila Ijumaa Mama Sudi alipika. Tulikuwa na hotipoti moja ya bluu, ya zawadi ya harusi yetu, mfuniko wake una ufa. Ndani alitia wali wa nazi na samaki wa kukaanga, juu akaweka kipande cha ukoko, kwa sababu Sudi anapenda ukoko kuliko wali wenyewe. Akaifunga kwa kitambaa, akaikabidhi kwenye lori.

Jumanne ya kwanza hotipoti ilirudi na mapera ya porini. Mke wangu aliyashika moja moja, akayanusa.

"Nilimfunza vizuri," akasema.

Mnajua wenyewe desturi yetu. Jirani akikuletea kitu kwenye sahani, sahani hairudi tupu. Utatia chochote, hata limau. Kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mwenyewe usinitumie tena. Kwa hiyo mapera yale yalimaanisha mwanetu ni mzima, ana adabu, na anataka wali mwingine. Serikali haikuwahi kutupa taarifa nzuri kama ile.

Halafu Jumanne moja ikarudi na chakula kilichopikwa. Ndizi mbichi, rojo la karanga, na majani fulani yenye harufu ya limau ambayo sikuyajua. Mimi nilikula nusu nikiwa nimesimama, nikakaa kumalizia nusu ya pili. Mama Sudi alionja kijiko kimoja.

"Hiki hakikupikwa na mwanamume," akasema.

"Jeshi limeajiri mpishi."

"Jeshi lisilonunua viatu? Baba Sudi, haya majani hayaoti upande huu wa mto."

Sikumsikiliza. Nilichota bakuli moja nikampelekea Ndugu Matimbwa, kama ushahidi wa namna serikali inavyowatunza vijana wetu. Ndugu Matimbwa alikula, akalamba vidole. Kwenye mkutano uliofuata akatangaza kwamba jeshi letu, katikati ya moto wa mapambano, limevumbua chakula cha kizalendo kiitwacho Ndizi za Ushindi, na kwamba kuanzia siku hiyo hakuna shughuli ya serikali itakayofanyika bila Ndizi za Ushindi. Nilisimamishwa kama mzazi wa mvumbuzi. Nikainama kulia, nikainama kushoto, nikakaa kwenye kiti changu.

Nyumbani mke wangu aliendelea na mazungumzo yake, na mimi sikujua kama ni mazungumzo. Ijumaa moja alizidisha pilipili. Jumanne hotipoti ikarudi na ndizi, na pembeni kipande cha sega la asali. Akacheka peke yake jikoni. "Ameniambia imewawasha," akasema. Akapunguza pilipili, akaongeza samaki, ikarudi na kuku. Tukawa tunakula vizuri kuliko kabla ya vita.

*

Sasa ikaja siku Ndugu Matimbwa akanitembelea nyumbani. Alikataa kukaa kwenye kiti changu, nikajua ni jambo zito.

"Mzee Mwinjuma," akasema, "mbele kumekuwa kimya sana. Redio inatangaza ushindi kila siku, lakini majemadari wanasema hawasikii mlio. Inabidi vijana wavuke mto."

"Wavuke," nikasema.

"Shida ni kwamba Mheshimiwa Mlezi ana huruma. Hawezi kuwaamrisha watoto wenu wakafe. Ila nyinyi wazazi mkimwomba, afanyeje? Yeye ni msikivu. Tumekuchagua wewe umwombe kwa niaba ya wazazi wote. Redioni, Ijumaa, moja kwa moja."

Redioni. Mimi, niliyekuwa nikikaa na masufuria. Nikakubali kabla hajameza mate.

Mama Sudi alisubiri mgeni atoke, akafunga mlango, akasimama mbele yangu.

"Baba Sudi, nisikilize. Wang'ambo nao wanalishwa na mama zao. Hilo agizo lao na letu ni moja, wakubwa wanafundishana. Kuna mwanamke kule anapika hizi ndizi kwa ajili ya mwanawe. Mwanawe na Sudi wanakaa ukingoni, wanabadilishana, wanakula. Ndiyo maana kumekuwa kimya. Ukiomba wavuke, unaomba wakauane waliokuwa wanakula pamoja."

"Umejuaje? Umekwenda?"

"Nimekula."

Nikamwambia kwamba nimeshatoa neno langu, na nchi nzima itasikiliza, na mzazi wa daraja la kwanza hawezi kurudi nyuma kwa ajili ya ndizi.

"Nilidhani wewe ndiye uliyekalia kiti," akasema. "Kumbe kiti ndicho kilichokukalia wewe."

Nikaona ni wivu, maana yeye hakupewa kiti.

Ijumaa nilisoma redioni. Sauti yangu ilitoka vizuri, kila mtu alisema. Niliomba, kwa unyenyekevu wa wazazi wote, vijana wetu waruhusiwe kuvuka. Karatasi iliishia hapo, lakini mimi nikaongeza la kwangu: "Hata leo." Ndugu Matimbwa alinipigapiga begani. Serikali, kwa usikivu wake, ikakubali palepale.

*

Kesho yake redio ilipiga muziki wa taratibu, kisha ikatangaza. Vijana wetu wote walivuka, na wote wamekufa wakitabasamu. Ulikuwa ushindi mkubwa. Wenye redio kubwa walinasa idhaa ya ng'ambo, nayo ilikuwa inatangaza hayohayo, na tabasamu lilelile.

Niliitwa uwanjani nikapewa cheo cha Mzazi Shujaa Mkuu wa Taifa, na kiti kipya cha mbao chenye mto wa kukalia. Nilikaa. Nilikisubiri kile kiburi changu kije, hakikuja. Nilichokumbuka ni kamba za viatu vya Sudi, na kwamba nilimwambia azifunge upya. Nikalia mbele za watu, kwa kelele, na kamasi, mpaka mpiga picha akaniomba nilie kidogo kwa upande wake.

Ndugu Matimbwa akatangaza kwamba itajengwa sanamu ya Sudi, mkono wa kulia umeinua bunduki.

"Mwanangu alikuwa wa kushoto," nikasema.

"Mashujaa wote ni wa kulia, mzee," akanijibu kwa upole, na watu wakaletewa Ndizi za Ushindi. Zilikuwa mbichi katikati.

Mama Sudi hakulia. Waombolezaji walianza kumsema. Nilipomwambia alie hata kidogo, kwa heshima ya cheo, akasema, "Nasubiri Jumanne."

Jumanne lori likaja na vyombo. Dereva alisema hakuona askari yeyote. Vyombo alivikuta ukingoni, juu ya mawe, vimepangwa. Akavigawa nyumba kwa nyumba. Hotipoti yetu niliipokea mimi, na nusura iniponyoke, kwa maana nilijiandaa kupokea kitu chepesi.

Kitambaa kilikuwa kimefungwa. Nikaanza kukifungua. Fundo lilikuwa limepinda kinyume, limevutwa upande ambao hakuna fundi mwenye akili zake angevuta. Nimeshona nguo tangu kijana, nimefungua mafundo ya kila namna, na fundo lile nalijua tangu aliyelifunga hajaota meno ya mbele ya pili.

"Fundo gani hili," nikasema. "Mama Sudi, fundo gani hili?"

Akanipokonya, akafungua yeye. Ndizi, karanga, majani. Akakaa chini na hotipoti mapajani, ndipo akalia. Walikuwa wamevuka kweli, kama nilivyoomba. Walivuka kwenda kula, na hawakurudi.

Jioni ile mtaa wetu ulikuwa msiba wa ajabu. Kila nyumba ilifunga mlango, na humo ndani kilio kikasikika kikitafuna.

Si kila nyumba lakini. Mizinga ilikuwa imepiga mara chache siku ile ya kuvuka, ili jemadari asikie mlio. Hotipoti ya Bi Zamda, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ilirudi tupu. Mke wangu alimchotea ndizi kwenye bakuli letu, akanituma nimpelekee. Bi Zamda alilipokea mlangoni. Asubuhi nililikuta bakuli kizingitini kwetu. Limeoshwa, limepanguswa, tupu.

Nililishika muda mrefu. Katika hotuba zote nilizosikia wakati wa vita, hakuna aliyeniambia ukweli kwa ufasaha kama ule.

*

Nikaenda ofisini kwa Ndugu Matimbwa. Nilimwambia kwamba, kwa bahati mbaya, mwanangu yu hai.

Alifunga dirisha. "Mzee Mwinjuma, usimtukane marehemu. Damu yake imetangazwa redioni."

"Lakini yu hai, Ndugu Mkurugenzi. Nataka arudi nyumbani."

"Anaweza kurudi," akasema, akakuna kidevu. "Sheria inaruhusu. Ila marehemu atakayekutwa anaishi atapigwa risasi, ili serikali isionekane imesema uongo. Baada ya hapo mambo yake yatakuwa sawa kabisa. Na wewe kiti chako kitabaki."

Nikamshukuru, kwa sababu nimezoea kushukuru. Nikarudi nyumbani nikakitazama kiti. Kilikuwa kizuri, mto wake laini. Niliona ajabu kwamba kitu cha kukalia kinaweza kumgharimu mtu mtoto, na jirani yake mtoto, nacho bado kikabaki na miguu minne tu kama viti vingine.

Ijumaa lori lilipita bila kusimama. Wizara ilieleza kwamba marehemu hawali. Mama Sudi alikuwa amekwishapika. Aliifunga hotipoti, akaiweka mezani mbele yangu.

"Jitwike," akasema.

"Mimi? Mzazi Mkuu wa Taifa, na hotipoti kichwani, mchana?"

"Na kiti ubebe."

"Kiti cha nini tena?"

"Yule mwenzangu amempikia mwanangu vita vizima. Umewahi kujiuliza ana umri gani, ana miguu gani? Tumekula kwake, hatujampa pa kukaa. Beba."

Tulipanda lori la mkaa hadi kijiji cha mwisho, kisha tukatembea, mimi hotipoti kichwani na kiti mgongoni, mshipi wa kijani shingoni kuzuia jasho. Watu walitupisha njia wakidhani ni sherehe ya serikali. Ukingoni tuliwakuta askari wapya, watoto tu, wamevaa viatu vya baba zao. Walinielekezea bunduki. Nikataja vyeo vyangu, wakapiga saluti, lakini macho yao yalikuwa kwenye hotipoti. Mama Sudi akawapakulia kwenye vifuniko vya hotipoti zao. Walipoanza kula walitugeuzia migongo, kama walioambiwa wasione kitu.

Mto ule, ambao redio huuita bahari ya moto, nilitia fimbo nikaona hauzidi magoti. Ng'ambo mlima umekaa kimya, chini yake migomba, na moshi wa jiko la mtu. Hapakuwa na mtu.

"Mwite," mke wangu akasema.

Nilisimama wima. Nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa redioni, na mazoea yana taabu, ikatoka hivi: "Hapa ni Mzazi Shujaa Mkuu wa Taifa, wa Daraja la Kwanza, Mwinjuma Kibwana, baba wa marehemu shujaa Sudi!"

Mlima ukasikiliza yote. Ukatafuna, ukameza, ukanirudishia mwisho tu: "Sudi... Sudi..."

Kisha kimya. Mama Sudi akanishika mkono, akaubana. Mimi nilikuwa naomba kwa moyo wote kwamba nisiwe nimekuja kupiga kelele kwa jiwe.

Ndipo kwenye migomba, si juu mlimani bali chini, karibu na ule moshi, ikatoka sauti ya mtu mwenye chakula mdomoni.

"Naam, baba."

Vyeo vyangu vyote aliviacha, hata kimoja hakukirudisha. Sikutangaza vita. Nilivua viatu, nikajitwika kiti cha yule mama, nikaingia majini.